Mgao wa Ufukweni

Chombo kikifika pwani yetu ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, iwe Palma, Mocímboa da Praia au Ibo, hesabu huanza kabla tanga halijakunjwa. Samaki humwagwa mchangani na wote wenye haki wamesimama wanatazama. Kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha na mafungu ya mabaharia. Na kabla ya yote kuna kitoweo, samaki wa kwenda chunguni ambaye haingizwi kwenye biashara. Baharia akiona fungu lake limenyofolewa hupaza sauti hapo hapo, na hakuna anayemwona amekosa adabu. Kijana ambaye nyumbani hathubutu kukalia mkeka mmoja na wakubwa anaweza kumwambia nahodha, "Mzee, hapa bado," na nahodha akaongeza samaki mmoja au akaeleza kwa nini haongezi. Haichukui muda. Kila mtu hushika lake akaenda.

Jioni kijana yule yule anatumwa dukani kuchukua unga. Anapimiwa kwa kopo ambalo kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, na mtaa mzima unajua kimebonyezwa. Anaona, ananyamaza, anapokea mfuko, anashukuru. Nyumbani mama yake anaupima ule mfuko kwa mkono, anaguna, naye ananyamaza, maana wana deni pale tangu mwezi uliopita, na mwenye duka ni mtu na heshima zake, tena wameoleana.

Kwa nini sauti iliyokuwepo asubuhi haipo jioni? Ujasiri hawakukosa, wala hesabu haikuwashinda. Mimi tofauti naiona kwenye bidhaa yenyewe. Samaki hangoji. Jua likipanda anaanza kuharibika, kwa hiyo lazima agawanywe leo, hapa, mbele ya watu. Mchele hungoja. Unaweza kulala miezi ndani ya gunia, gunia ndani ya ghala, ghala nyuma ya mlango, na ufunguo wa mlango ukawa mfukoni mwa mtu mmoja. Kinachoweza kungoja kinaweza kufichwa. Hapo ndipo adabu zetu zinapotumiwa kwa kazi isiyo yake: kumwuliza mtu mzima "ghalani yamebaki magunia mangapi?" huhesabiwa kuwa ni kumtuhumu, na kumtuhumu mtu mzima bila ushahidi ni utovu wa adabu, na ushahidi wenyewe umefungiwa ghalani.

Ushirika wa chakula, yaani duka la mtaa lililo mali ya wanunuzi wake, ni jaribio la kuuingiza ufukwe ndani ya ghala. Utaratibu wake si mgumu kueleza. Majirani wanatoa kiingilio na kununua hisa, kila mtu kwa kadiri iliyokubaliwa. Fedha hizo zinanunua magunia kwa bei ya jumla, badala ya kila nyumba kununua kopo kwa kopo. Wanachama wanachagua kamati, kamati inaajiri muuzaji au inauza yenyewe kwa zamu, na mwisho wa kipindi ziada inayobaki baada ya gharama hurudi kwa wanachama kulingana na jinsi kila mmoja alivyonunua. Katika mkutano kila mtu ana kura moja, mwenye hisa kumi sawa na mwenye hisa moja. Vilivyobaki ni uaminifu na mizani.

Waliouweka utaratibu huu ukadumu na kuigwa duniani walikuwa watu 28, wakiwemo wafumaji, wa mji wa Rochdale kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka katika mtaa wa Toad Lane wakiwa na vitu vichache: unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Zama hizo chakula cha maskini katika miji ya viwanda kilichakachuliwa waziwazi, unga ukitiwa chokaa na majani ya chai yaliyokwisha kunywewa yakikaushwa na kuuzwa tena. Wafumaji wale hawakuahidi kuuza rahisi. Waliahidi kitu safi na kipimo kamili, bei ya sokoni, fedha taslimu, na hesabu kusomwa mbele ya wanachama kila robo mwaka. Sharti hilo la mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko mengine, ingawa ndilo husahaulika kwanza. Unafuu huleta watu siku ya ufunguzi. Mwaka wa tano watu huendelea kuja kama bado wanaruhusiwa kuuliza.

Kwetu Cabo Delgado habari hizi hazikuhitaji kuja na kitabu cha Waingereza. Tangu 1938 serikali ya Kireno ilikuwa imeufanya mmea wa pamba kuwa kilimo cha shuruti. Kampuni yenye kibali ndiyo iliyogawa mbegu na ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee, na bei ilipangwa mahali ambapo mkulima hakufika. Mwaka 1957 Lázaro Nkavandame, Mmakonde aliyekuwa amefanya kazi Tanganyika kisha akarudi, aliunda na wenzake ushirika wa wakulima wa pamba katika uwanda wa juu wa Mueda, ulioitwa Linguilanilu. Walichotaka si kingi: kulima kwa hiari yao na kuwa na sauti mizani inapoinuliwa. Wakubwa wa utawala walielewa upesi kwamba mkulima aliyezoea kuuliza kilo ataishia kuuliza na mengine, na ushirika ule ukabanwa hadi ukashindwa kupumua.

Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, na sehemu za uwanda zikawa mikononi mwa Frelimo, chama cha ukombozi, duka lilirudi kwa sura nyingine. Wakulima walibeba korosho, karanga na ufuta kichwani, mwendo wa siku nyingi hadi Tanzania, na misafara ikarudi na nguo, sabuni, majembe, na juu ya yote chumvi. Chumvi, ambayo mtu wa pwani huichukulia kuwa haina thamani, kule juu ilikuwa shida kubwa, maana njia za kushukia baharini zilishikwa na askari wa Kireno. Msimamizi wa biashara hiyo katika jimbo alikuwa Nkavandame huyo huyo, akishirikiana na viongozi wa mahali walioitwa wenyeviti. Haikuchukua miaka mingi wakashitakiwa ndani ya chama kwamba wanapandisha bei na kujiwekea faida. Mwanzoni mwa 1969 alivuliwa madaraka, na baada ya muda mfupi akavukia upande wa Wareno.

Habari hiyo imeandikwa zaidi na waliomshinda, kwa hiyo mimi huipokea kwa tahadhari. Mwanzo wake, hata hivyo, haubishaniwi. Mtu aliyempigania mkulima dhidi ya mizani ya kampuni alifika mahali ambapo mizani ilikuwa yake, na kati yake na yule bibi aliyeteremsha mzigo wa korosho kichwani hapakuwa na daftari ambalo bibi angeweza kuomba asomewe. Ilikuwa vitani. Anayeuliza maswali vitani huulizwa yeye kwanza. Kama Nkavandame alikula au hakula, bibi hakuwa na njia ya kujua, na hilo latosha kuharibu ushirika hata mwizi akikosekana.

Uhuru ulikuja tarehe 25 Juni 1975, na wenye maduka wengi, Wareno kwa Wahindi, walikuwa wameshaondoka au walikuwa wanafunga mizigo. Dola likayachukua maduka yaliyoachwa likayaita Lojas do Povo, maduka ya wananchi. Wananchi walikuwa kwenye jina. Katika uendeshaji walikuwa kwenye foleni, ambayo Msumbiji huitwa bicha, na ilikuwa jambo la kawaida mtu kuacha jiwe au tofali limshikie nafasi huku yeye akaenda kutafuta kingine. Mwaka 1980 Rais Samora Machel alitangaza kwamba dola halina sababu ya kuuza vitu vidogo vidogo vya rejareja. Maduka yale yakapewa watu binafsi, na sehemu ya kazi yake ikaachiwa vyama vya ushirika vya walaji vilivyokuwa vimeanzishwa mitaani na katika vijiji vya jumuiya, ambavyo Cabo Delgado ilikuwa navyo vingi kuliko jimbo lolote.

Kwa karatasi, basi, miaka ile ilikuwa mavuno ya ushirika. Watu walikuwa na kadi, kamati na mikutano. Lakini bidhaa zilitoka kwa serikali kwa mgao, na lori lilileta lilicholeta. Kamati haikuwa na nafasi ya kuamua inunue wapi wala inunue nini; ilipewa upungufu ikaambiwa iugawe. Mwanachama alikuwa na kura juu ya ghala tupu. Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipozaliwa, kwa sababu kitu kikiwa haba na bei yake imefungwa, thamani yake huhamia kwenye kujuana. Ukachanganya na vita vya waasi wa Renamo vilivyokata barabara, kisha mageuzi ya uchumi ya 1987 yaliyoifungua bei, na vyama vingi vikafa bila hata mkutano wa kuvifunga. Si ajabu mzee akisikia neno kooperativa leo akakunja uso.

Ng'ambo ya Ruvuma nako hawakupona. Tanzania ilikuwa na ushirika wenye mizizi, ule wa kahawa wa Kilimanjaro ukiwa umeanza 1933. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakifungwa ili ya kijiji yachukue nafasi. Mwaka 1982 sheria ikaurudisha ushirika, lakini chama ukishakivunja na kukirudisha kwa amri mwanachama hukumbuka kwamba chaweza kuvunjwa tena kwa amri, na hisa huitoa kwa mkono mzito.

Kuna mfano wa upande mwingine, na ni wa nchi hii hii, ingawa uko mbali kusini. Katika mashamba ya pembezoni mwa Maputo, kuanzia 1980, wanawake waliokuwa wakilima mboga walijenga muungano wa vyama vyao, União Geral das Cooperativas, wakisaidiwa na padre Mtaliano Prosperino Gallipoli na kuongozwa na mwanamama Celina Cossa. Ulipanuka hadi kuwa na maelfu ya wanachama, karibu wote wanawake, na kuku wao wakajulikana mji mzima. Ninalolipenda katika habari yao ni kwamba mafunzo yalikwenda sambamba na jembe: kusoma, kuandika, kuweka hesabu. Mwanamke aliyejifunza kusoma safu ya mapato na safu ya matumizi hahitaji ruhusa ya adabu ili aulize. Anaonyesha kidole.

Nimetaja ya zamani kwa sababu hali ya sasa ya pwani yetu imelifanya swali hili kuwa kali zaidi. Tangu waasi waliposhambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, watu wa kaskazini wamejifunza maisha ya orodha za msaada. Kimbunga Kenneth kilipopiga Aprili 2019, orodha. Mocímboa ilipotekwa Agosti 2020 na kukaliwa mwaka mzima, orodha. Mwanzoni mwa 2021 njia za nchi kavu za kwenda Palma zilikatika, chakula kikaadimika na bei ikapanda. Kisha tarehe 24 Machi mji wenyewe ukashambuliwa, na waliosalimika wakaongeza orodha nyingine, Quitunda, Pemba, Metuge, Montepuez. Bila orodha hizo wengi wangekufa njaa, na sina ulimi wa kuwadharau waliozibeba. Lakini orodha ina tabia zake. Mtu haingii kwa kutoa kitu, huingia kwa kuhesabiwa. Anayekuhesabu ni kiongozi wa mtaa au wa kijiji, na malalamiko ya majina kurukwa, kuuzwa au kupewa jamaa yamesikika kila kambi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza posho hadi nusu kwa kukosa fedha, aliyekuwa akila mchele ule hakuwa na mkutano wa kwenda kuuliza, kwa sababu hakuwa na hisa.

Wala haikuwa orodha iliyowapokea watu wa mwanzo. Pale Paquitequete, Pemba, mashua zilipokuwa zikishusha wakimbizi mwaka 2020, waliofungua milango walikuwa watu wa mtaa, nyumba moja ikilaza familia nne. Wengi wa waliokimbia katika jimbo lote waliishi kwa wenyeji na si kambini. Upaji huo ni mali ya pwani tangu jadi na sihitaji kuupamba. Nasema tu kwamba ukarimu ni jambo moja na hesabu ni jambo jingine, na sisi tumezoea kuufanya wa kwanza uifunike ya pili. Mwenyeji aliyelisha wageni kumi na watano kwa miezi sita hakuwahi kusema imemgharimu nini. Angeonekana anasimanga. Kwa hiyo akamaliza akiba, akauza mbuzi, akakopa kwenye lile duka lenye kopo lililobonyezwa, na hakuna aliyejua mpaka naye akaanza kwenda kuomba aandikwe.

Mbegu ya utaratibu mwingine ipo, na iko mikononi mwa wanawake zaidi. Ni vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Wakfu wa Aga Khan na mashirika mengine yamevieneza katika wilaya za pwani, vikifuata mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991. Mgeni akitazama atafikiri ni upatu wa kawaida, au shitiki kama inavyoitwa Msumbiji, lakini kuna tofauti moja, na ni sanduku. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Haliwezi kufunguliwa ila mbele ya mkutano. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kufunga wote wanatamka kiasi kilichobaki ili wiki ijayo wakikumbuke kwa kichwa, hata asiyejua kusoma. Mshika ufunguo haonekani kushukiwa. Kufuli tatu zimemwondolea mzigo wa kuaminiwa peke yake, na mtu mwaminifu ndiye wa kwanza kushukuru kwa hilo.

Kikundi cha namna hii, wakati wa kugawana kabla ya Ramadhani au Idi, kina fedha za kununulia magunia. Kati ya hapo na duka la ushirika hakuna bahari. Kuna mambo mawili au matatu tu magumu, na ningependa kukaa nayo kidogo, maana semina za ushirika huyapita mbio.

La kwanza ni deni. Katika vibanda vingi vya Afrika Mashariki utakuta kibao kilichoandikwa kwamba mkopo ni kesho. Watu wanacheka na wanakopa. Wafumaji wa Rochdale walikataa mkopo kabisa, na waliweza kwa sababu walikuwa na mshahara wa kila wiki, japo mdogo. Mvuvi hana wiki. Ana bamvua na maji mafu, ana kusi na kaskazi, ana siku ambazo jeshi limezuia vyombo kutoka. Duka lisilokopesha litamfukuza arudi kwa mwenye kopo, na duka linalokopesha litakufa mikononi mwa jamaa zake. Mwuzaji wa zamu atamwambiaje shangazi yake hapana, pale shangazi anaposimama na mfuko mtupu? Hawezi, na nisingempenda mtu anayeweza. Njia ninayoiona ya haki ni kumwondolea mwuzaji uamuzi huo. Vikundi vya sanduku tayari vina mfuko wa pembeni wa misiba na maradhi, unaochangwa kidogo kidogo na kutolewa kwa kauli ya mkutano. Shangazi apewe kutoka humo, mbele ya watu, kwa jina lake, bila kurejesha au kwa kurejesha akipata. Gunia la dukani lisiguswe. Sadaka ikitoka kwenye gunia la wote bila wote kujua, hiyo imekwisha kuwa kitu kingine, hata kama nia ilikuwa safi.

Watu watasema hili linamwaibisha mhitaji. Labda. Nimeona pia aibu ya kunong'ona mlangoni pa nyuma, nayo humgeuza mtu kuwa wa fulani. Kati ya aibu mbili, ile ya mkutanoni angalau huisha siku hiyo hiyo, na kesho mwenzako atakuwa amekaa kwenye kiti kile kile.

La pili ni riba. Pwani ni ya Waislamu, na vikundi vya kuweka na kukopa huwatia baadhi ya watu wasiwasi kwa sababu mkopo wa sanduku hurudishwa na nyongeza. Wengine hujiunga na moyo mzito, wengine hukaa nje. Duka la ushirika, kwa bahati, halina tatizo hilo kwa kadiri ninavyolielewa. Ziada inayorudi mwisho wa mwaka ni sehemu ya bei ambayo mnunuzi alilipa zaidi ya gharama, anarudishiwa chake. Masheikh wataulizwa na watatofautiana, kama kawaida yao na kama inavyofaa. Lakini katika suala la mizani hakuna atakayetofautiana na mwenzake, kwa kuwa Qurani ina sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Ajabu ni kwamba sura hiyo tunaisoma msikitini na kopo lile bado liko juu ya meza ya duka la jirani.

Ningeongeza jambo kuhusu bidhaa zenyewe, kwa sababu ushirika unaouza vitu vya mbali tu utakuwa dirisha la mfanyabiashara wa jumla. Palma inakula kutoka pande mbili. Unga, mafuta na sabuni vingi huvuka Ruvuma kutoka Mtwara, kwa kivuko cha Kilambo au kwa mashua za pwani, na mpaka ukifungwa meza hupungua siku hiyo hiyo. Vingine hupanda kutoka Pemba kwa barabara ya N380, ambayo kwa miaka hii si ya kutegemea. Lakini muhogo, nazi, mtama, kunde, samaki mkavu na kome wanaookotwa na wanawake maji yakitoka, hivyo vipo hapa. Ushirika unaojua kazi yake ungenunua kwa wanachama kabla ya kuwauzia, muhogo mkavu wa yule ukiingia ghalani kwa kilo ile ile itakayotumika kuutoa. Mizani moja, kuingia na kutoka. Wafanyabiashara wengi wana mbili, na hata yule asiye na mbili ana mkono unaojua kuegemea.

La tatu ndilo linaloniweka macho. Mwanachama ni nani? Neno mtaa lilikuwa rahisi zamani. Leo katika mtaa mmoja wa Pemba au Palma kuna mwenyeji aliyezaliwa hapo, kuna Mmwani wa Quissanga aliyefika na mashua, kuna Mmakonde wa uwandani, Mmakhuwa wa kusini mwa jimbo, na kijana aliyefuata kazi za gesi Afungi, ambazo kampuni ya TotalEnergies ilizisimamisha Aprili 2021, na hakurudi kwao. Wenyeji wana neno la kuwatenga, vientes, waliokuja. Kamati ya wenyeji watupu itasema hisa ni za wenye mtaa. Itakuwa na hoja: anayekuja ataondoka, na akiondoka ataondoka na nini?

Jibu la ushirika kwa swali hilo ni la zamani na ni baridi, na kwa hiyo nalipenda. Ataondoka na hisa yake. Mlango wa kuingia uko wazi kwa anayekubali masharti, na wa kutoka uko wazi vilevile. Anayetoka hurudishiwa alichoweka kwa utaratibu ulioandikwa, hakuna zaidi, hakuna kinyongo. Msumbiji ina sheria ya jumla ya vyama vya ushirika tangu Septemba 2009, Na. 23 ya mwaka huo, kwa hiyo chama cha mtaa kinaweza kusajiliwa na kuwa na katiba yake, wala hakihitaji kuishi kwa hisani ya sekretari wa mtaa. Aliyekimbia mara tatu, ambaye kila mahali amekuwa mgeni wa mtu au jina kwenye karatasi ya mtu, akilipa metikali zake na kupewa kadi, siku ya mkutano ana kura sawa na aliyezaliwa hapo. Anaweza kusimama na kusema, hapa bado. Sijui kitu kingine katika mtaa kinachompa haki hiyo. Msikiti unampa safu, na hiyo ni kubwa, lakini msikitini hakuna kipindi cha maswali.

Wenyeji nao wanapata kitu, ingawa huchelewa kukiona. Mgeni hana mkwe mtaani. Hajui nani ni mtoto wa nani, kwa hiyo hawezi kunyamazishwa kwa kutajiwa ukoo. Kamati yenye wageni wawili ni kamati ambayo mtu anaweza kuomba ghala lifunguliwe bila kugombanisha familia.

Yapo mambo ambayo katiba za vyama huyaweka mwisho, na kwetu ningeyaweka ukurasa wa kwanza. Nakala ya daftari ikae mahali pawili, kwa sababu maghala Palma yaliwahi kuvunjwa na yanaweza kuvunjwa tena, na deni la chama kwa mwanachama halichomeki pamoja na karatasi. Kila kadi iwe na namba ya simu, na ya pili ya jamaa aliye mbali. Na mwanachama anapoingia, kabla hajanunua hata kilo moja, aandike mrithi wake: mke au mume, mtoto yupi, anaishi wapi, atafutwe nani asipopatikana. Bahari huchukua watu, na miaka hii nchi kavu imechukua wengi zaidi. Hisa ni ndogo, pengine bei ya gunia nusu. Lakini fungu la kila mrithi linajulikana, na kamati itakayopeleka metikali hizo chache kwa mjane aliyerudi Mocímboa, na kumsomea ilivyozipata, itakuta mwaka unaofuata watu hawahitaji kushawishiwa wajiunge.